Kutoka shimo la mdako hadi kwenye daftari

Mtoto anayetamka moja hadi ishirini bila kukosea huenda bado hajui kuhesabu. Amekariri mfuatano wa maneno tu. Kipimo cha kuhesabu kwenyewe ni rahisi: awekewe rundo la vizibo vya soda, kisha aambiwe atoe vitano. Watoto wengi wa miaka mitatu hupeleka mkono kwenye rundo, huchota na kukabidhi walichochota, viwe vitatu au vinane, nao hawaoni tatizo lolote. Mtafiti Karen Wynn wa Marekani alilichunguza jambo hili katika kazi zake za 1990 na 1992. Aliona kwamba mtoto hushika kwanza maana ya moja, baadaye ya mbili, kisha ya tatu, na kati ya hatua moja na nyingine hupita miezi mingi, ingawa siku zote hizo mdomo wake unafika kumi bila taabu.

Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1978, Rochel Gelman na C. R. Gallistel walikuwa wamezitaja kanuni ambazo kuhesabu hakuwi kuhesabu pasipo hizo. Kila kitu hupewa namba moja na mara moja tu. Namba hufuata mpangilio usiobadilika. Namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Vitu vya aina yoyote vinahesabika, na mtu anaweza kuanzia kokote, idadi ikabaki ileile. Nyimbo za namba zinazoimbwa chekechea zinafundisha kanuni moja tu kati ya hizo, ile ya mpangilio. Si vibaya kuimba. Vibaya ni kuishia hapo, mgeni akapita nje ya darasa, akasikia watoto wakiimba kwa furaha, akaamini kwamba hesabu inafundishwa.

Kanuni zilizobaki zinataka mikono. Wakati wa uji, mtoto anayetumwa kuleta vikombe vinavyotosha wenzake waliokaa mkekani anafanya kazi ya namba tangu anapoondoka hadi anaporudi. Akipungukiwa na kimoja, mwenzake aliyekosa kikombe atamwambia mara moja, na kwa sauti, kwamba hesabu haikutimia. Mwalimu hahitaji kuweka alama ya kosa.

Mfano huo mdogo unabeba jambo kubwa kuliko yote katika ufundishaji huu. Kuna mchezo ambao hesabu imo ndani yake, hauchezeki pasipo kuhesabu, na kuna hesabu iliyopakwa mchezo juu juu. Mashindano ya kujibu haraka, ambapo anayejibu kwanza anapigiwa makofi na anayekosea anatoka nje ya duara, ni ya aina hii ya pili. Ni mtihani uliovishwa nguo nyingine. Mtoto aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayetolewa mapema na kukaa akitazama, na yule ambaye tayari anajua ndiye anayepata zamu nyingi zaidi. Afadhali darasa likose michezo kabisa kuliko kuwa na mchezo unaomwadhibu asiyejua. Watoto wa Afrika Mashariki wamekutana na hesabu pamoja na fimbo kwa vizazi, na hofu ya kukosea mbele ya wenzao hufunga kichwa cha mtoto mapema sana.

Mchezo ulio rahisi kuandaa kuliko yote ni ule wa vyumba vilivyopangwa kwa mstari. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani, wenye umri wa miaka minne na mitano. Watoto walicheza kwenye ubao wenye vyumba kumi vilivyoandikwa 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia, wakisogeza alama yao hatua moja au mbili kila zamu. Walicheza vipindi vinne vifupi, vya takribani robo saa kila kimoja, ndani ya wiki mbili. Walipopimwa, walikuwa wamepiga hatua katika kukadiria nafasi ya namba kwenye mstari. Utafiti wao uliofuata ulionyesha kwamba walisonga mbele pia katika kuhesabu, katika kuzitambua tarakimu na katika kusema ipi ni kubwa kati ya namba mbili, na wiki tisa baadaye maendeleo hayo yalikuwa bado yapo. Wenzao waliocheza mchezo uleule kwa vyumba vya rangi, visivyo na namba, hawakuyapata.

Siri ya mchezo huo imo katika mambo mawili madogo ambayo ni rahisi kuyapuuza. La kwanza ni umbo: ubao wa mduara haukufanya kazi sawa na ubao wa mstari ulionyooka, kwa kuwa katika mstari mtoto anaona kwa macho kwamba nane iko mbali kuliko tatu, mkono wake umesafiri zaidi na muda umepita zaidi. La pili ni maneno. Mtoto aliye kwenye chumba cha 4 akipata hatua mbili hasemi "moja, mbili". Anasema "tano, sita". Anaendelea kutoka pale alipo. Mtoto aliyezoea kuendelea kutoka alipo ameshaanza kujumlisha, hata kama hajawahi kuona alama ya kujumlisha.

Mchezo huu hauhitaji kununuliwa. Vyumba vinachorwa kwa kijiti mchangani au kwa chaki sakafuni, vikubwa kiasi cha mtoto kusimama ndani. Kizibo kinarushwa juu: kikiangukia mdomo juu ni hatua moja, kikiangukia mdomo chini ni hatua mbili. Masharti mawili tu yasilegezwe, kwamba tarakimu ziandikwe ndani ya vyumba, na kwamba mchezaji ataje kwa sauti namba ya kila chumba anachokanyaga.

Baada ya kuendelea kutoka alipo, mtoto anahitaji kujua kuivunja namba na kuiunga tena. Hapa mdako hauna mpinzani. Sheria zake hutofautiana mtaa kwa mtaa, lakini umbo lake ni moja. Kunachimbwa kishimo, vijiwe kama kumi vinawekwa ndani, na mchezaji anabaki na kijiwe kimoja cha kurusha. Anakirusha juu, anakomba vijiwe kutoka shimoni, anakidaka kabla hakijaanguka. Anakirusha tena, na safari hii anarudisha shimoni vyote isipokuwa kimoja. Anaendelea hivyo mpaka shimo liishe. Raundi inayofuata lazima abakize viwili viwili, kisha vitatu vitatu.

Atazamwe kwa karibu mtoto wa miaka minane aliye kwenye raundi ya viwili. Amekomba vitano. Kijiwe kiko hewani, na kabla hakijashuka mkono wake lazima urudishe vitatu, si viwili wala vinne. Hana muda wa kuhesabu kimoja kimoja. Anaviona vitano kwa jicho, anajua kwamba tano ni mbili na tatu, anasukuma vitatu. Zamu ijayo amekomba vinne, anasukuma viwili. Katika raundi ya vitatu anakutana na ugumu mwingine: vijiwe kumi havitoki vitatu vitatu vikaisha, kimoja kinabaki, na kikundi kina sheria yake ya namna ya kukichukua hicho kilichobaki. Huko ni kugawanya kwenye baki, na mtoto amefika huko kabla darasa halijamfikisha.

Mwalimu anayeujua mdako anaweza kuupunguza mwendo ili hata wasio hodari wa kudaka wapate faida. Vijiwe vinakuwa kumi kamili. Mtoto mmoja anatoa vinne na kuviweka wazi, kisha anafunika shimo kwa kiganja. Mwenzake anasema vimebaki vingapi, halafu kiganja kinaondolewa na jibu linaonekana. Michezo michache ya namna hiyo kila siku humfanya mtoto azijue jozi zote za kumi: moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Jozi hizo ndizo zitakazombeba katika hesabu zote za kichwa zitakazofuata. Mwenye kuzijua hapati shida na nane kujumlisha tano: anachukua mbili kutoka kwenye tano, anapata kumi, zinabaki tatu.

Kumi yenyewe inahitaji mafunzo yake. Zana iliyo bora kwa kazi hii katika pwani na miji mingi ya Afrika Mashariki ni njiti za chelewa, zile zinazotengenezewa mafagio. Zinakatwa urefu sawa, na kila zinapotimia kumi zinafungwa kwa uzi au raba. Mchezo ni wa kukusanya: kete ya ludo inarushwa, mtoto anachukua njiti kadiri ya alama zilizotokea, na wa kwanza kupata mafungu matano ameshinda. Sheria moja haina msamaha: haruhusiwi mtu kuwa na njiti kumi zilizolegea. Zikitimia tu, anafunga. Kisha mchezo unageuzwa, mtoto anaanza na mafungu matano na kila zamu analipa. Anapotakiwa kulipa sita naye ana njiti mbili tu nje, hana njia isipokuwa kufungua fungu moja.

Ni tendo hilo la kufungua fungu ambalo watoto wengi hawaonyeshwi. Katika 52 kutoa 27 wanaambiwa kwamba mbili kutoa saba haiwezekani, waende kwa jirani wakakope moja. Wanakopa. Hawajui kwamba "moja" hiyo ni kumi, wala kwa nini mkopo haurudishwi. Wanaofuata maneno hayo kwa utiifu hupata vema leo, na wiki ijayo wakikutana na 502 kutoa 27 wanapotea, kwa kuwa jirani ni sifuri. Mtoto aliyefungua mafungu kwa vidole vyake anajua cha kufanya: anafungua furushi la mia kuwa mafungu kumi, kisha fungu moja kuwa njiti kumi. Hapo ndipo maandishi ya kukopa yanapopata maana, kwa sababu yanaeleza jambo ambalo mikono ilishalifanya.

Mchezo wa duka unapendwa na watoto wote, na wengi huucheza wenyewe uani kwa majani yaliyogeuzwa noti. Darasani unaandaliwa kwa makopo, pakiti tupu za majani ya chai, maboksi ya kiberiti na hela za karatasi. Tanzania ina ugumu wake mmoja: bei za kila siku huenda kwa mamia, wakati darasa la kwanza bado linahangaika na namba ndogo. Ugumu huo unageuka kuwa faida. Mtoto wa miaka sita anayetumwa dukani anajua kwamba mia mbili na mia tatu ni mia tano. Mwalimu akimsikia, ana jumla ya mbili na tatu mkononi, na ana mlango wa kumwonyesha kwamba mamia hujumlishwa kama mamoja.

Chenji ndiyo sehemu tamu zaidi ya mchezo. Mnunuzi ametoa noti ya elfu moja kwa bidhaa ya 650. Mwenye duka halisi haandiki popote wala hakopi kwa jirani. Anaweka sarafu ya hamsini na kusema "mia saba", anaweka ya mia na kusema "mia nane", anaongeza ya mia mbili na kusema "elfu". Amemaliza. Chenji iliyo mezani ni 350, nayo imepatikana kwa kujumlisha. Njia hii ni sahihi kabisa kihisabati, ni nyepesi kichwani, na inastahili kufundishwa waziwazi kama njia mojawapo ya kutoa. Kuidharau kwa kuwa ni ya sokoni ni kumnyima mtoto kitu chema alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Hata hivyo soko peke yake halimfikishi mtoto kwenye daftari, na ushahidi wa jambo hili ni mzito. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walieleza habari za watoto watano wa mji wa Recife, Brazili, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliouza bidhaa mitaani. Watafiti walinunua kwao na kuwauliza bei za vitu vingi kwa pamoja. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi ni kiasi gani ilhali moja ni kruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama inavyofundishwa shuleni. Alijua kwamba tatu ni 105, akaziongeza tatu tatu hadi tisa, kisha moja, akafika 350. Sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya majibu. Maswali ya aina hiyohiyo yalipoletwa kama mafumbo ya hesabu, walipata asilimia 74. Yalipoandikwa kwa tarakimu tupu, walianguka hadi asilimia 37.

Miaka 40 baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature, ambao Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Elizabeth Spelke walishiriki, uliwapima watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi, India. Karibu wote walipiga hesabu ngumu za biashara kwa usahihi, lakini walishindwa maswali mepesi zaidi yaliyoandikwa kishule. Watoto wa shule za jirani wasiouza chochote walikuwa kinyume chake: waliyaweza ya daftari, wakalemewa na ya soko. Kila kundi lilikuwa na nusu ya hesabu.

Michezo ya darasani nayo haikwepi hatari hiyo. Kule Delhi, Spelke na Duflo pamoja na wenzao waliwapa watoto wa shule za awali michezo ya kulinganisha idadi na maumbo kwa miezi kadhaa. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2017 katika jarida la Science, yalionyesha kwamba uwezo wa kukadiria na kulinganisha kwa jicho uliimarika na ulidumu zaidi ya mwaka. Lakini watoto walipoingia shule ya msingi, hawakuwapita wenzao katika hisabati ya darasani. Wenye kuamini kwamba furaha ya mchezo inatosha wanapaswa kuyasoma matokeo hayo kwa makini. Furaha inaleta umakini na inaondoa hofu, nayo ni mambo ya thamani. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye mchezo kwenda kwenye maandishi, na njia hiyo haijijengi yenyewe. Mwalimu ndiye wa kuijenga, kila siku, kabla watoto hawajatawanyika.

Ujenzi wake si mgumu. Katika duka la darasani mwuzaji huandika risiti: 650 + 50 + 100 + 200 = 1,000. Mnunuzi huihakiki na kuandika chini yake 1,000 − 650 = 350. Baada ya mdako, vitano vilivyokombwa na vitatu vilivyorudishwa huandikwa 5 − 3 = 2, na anayeandika ni yule aliyecheza. Katika mchezo wa njiti kila mtoto huweka hesabu ya mafungu na njiti zake katika safu mbili, makumi na mamoja. Safari ya kurudi nayo ni ya lazima. Mwalimu anaandika ubaoni 43 − 18, kisha anataka mtu aicheze kwa njiti au aitungie habari ya dukani. Mtoto anayeweza kwenda na kurudi ameshika hesabu pande zote mbili.

Kuzidisha kunaweza kupita njia hiyohiyo. Trei ya mayai ina safu tano za mayai sita; ikizungushwa ina safu sita za mayai matano, na mayai ni yaleyale 30. Mtoto aliyeona hivyo amepunguza karibu nusu ya mzigo wa kukariri jedwali la kuzidisha. Saba mara nane inayowatesa wengi inavunjwa kwa vizibo: safu tano za nane ni 40, safu mbili za nane ni 16, jumla 56. Kukariri hakuepukiki mwishoni, wala si adui, mradi kuje baada ya kuelewa.

Kwa watoto wakubwa kidogo lipo bao. Bao la Waswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32 na kete 64. Kwa wanaoanza kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Mchezaji ana mashimo 16 upande wake, na kabla hajashika kete anapaswa kujua ya mwisho itaangukia wapi. Kete 16 zikisambazwa zitamrudisha pale alipoanzia. Zikiwa 18 zitampeleka mashimo mawili mbele. Wazee wa barazani hufanya hesabu hizo kwa mizunguko kadhaa bila kugusa kitu. Shule nyingi zimezungukwa na mafundi wa bao ambao hawajawahi kualikwa darasani hata mara moja.

Pingamizi la walimu ni la haki: darasa lina watoto 80 au zaidi, madawati yamebanana, na muhtasari unadai umalizwe. Tanzania ilipoanza mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, nia ilikuwa kupunguza masomo ili stadi hizo tatu zipate muda wa kutosha. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Upimaji wa Uwezo nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ulioanzishwa mwaka 2009, ulifanywa majumbani kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na ulionyesha tena na tena watoto wa madarasa ya juu wakishindwa kutoa na kuzidisha. Kumaliza muhtasari mbele ya watoto ambao hawakuelewa mwanzo wake hakuwasaidii.

Njia ya kulikabili darasa kubwa ipo. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limeeneza utaratibu wa kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza badala ya umri au darasa, kwa sehemu ya siku, kisha kila kundi likapewa shughuli zake kwa njiti, mafungu na noti za karatasi. Zambia iliuchukua utaratibu huo katika mpango wake wa Catch Up tangu 2016. Makundi ya watoto sita au wanane yanaweza kucheza kwa wakati mmoja, mengine nje chini ya mti, wakati mwalimu anakaa na moja.

Kuwapanga kunahitaji mazungumzo ya dakika mbili na kila mtoto, hata kama kwa siku wataulizwa kumi tu. Anaulizwa nane na tano ni ngapi, kisha anaulizwa amejuaje. Anayehesabu vidole vyote kuanzia moja anahitaji vyumba vya mstari. Anayeanzia nane na kuendelea tisa, kumi, kumi na moja yuko tayari kwa mdako wa jozi za kumi. Anayeivunja tano ili aikamilishe kumi apewe njiti na risiti za duka. Jibu la wote watatu ni 13, na daftari lingewapa vema ileile. Kwa hiyo mwalimu huandika njia ya mtoto kando ya jina lake, na baada ya wiki tatu au nne humwuliza tena.